Jenereta ya Nyumbani: Pima Mzigo, Kisha Pima Mlima

Stima ikipotea saa moja jioni mjini Nyeri, kila nyumba huhesabu hasara yake. Mwanafunzi wa kidato cha nne hufunga kitabu, nyama iliyo kwenye friji huanza kuyeyuka na anayetotoa vifaranga kwa mashine hushika tama. Mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliachwa gizani kwa saa nyingi, na hali hiyo ikajirudia Novemba 11 na Desemba 10 mwaka uo huo. Ndiposa mzazi anayejiweza huanza kuwazia jenereta.

Hata hivyo, aendaye dukani akiuliza bei pekee hujuta baadaye. Jambo la kwanza ni kuandika vifaa ambavyo ni sharti viwake stima isipokuwepo. Mathalani, balbu tano za wati 10 ni wati 50, televisheni 100, redio na simu 30. Friji ya kawaida hutumia kama wati 150, lakini mota yake inapoanza huhitaji mara tatu au nne ya kiasi hicho, yaani hadi wati 600. Jumla ni karibu wati 800. Birika la umeme, pasi na shawa ya maji moto viache kando, kwani shawa pekee yaweza kudai wati 5,000.

Jambo la pili husahauliwa na wengi: mlima. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Nanyuki zaidi ya 1,900. Huku hewa ni nyepesi, na injini hupumua kwa shida kama mgeni kutoka Mombasa anayepanda kilima. Kwa kila mita 300, injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu zake. Hivyo, jenereta inayotoa wati 1,000 kule pwani itatoa kama 800 tu hapa Nyeri. Familia yetu ya wati 800 yafaa inunue ya wati 1,500 ili injini isihemewe.

Soma kibandiko kwa makini. Aghalabu namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni ya nguvu za dakika chache tu. Itakayokufaa ni ile ndogo, ya nguvu za kufanya kazi mfululizo. Pia, ikitoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, huenda kabureta inahitaji kurekebishwa na fundi ili iafikiane na hewa ya mlimani. Usisahau kubadilisha oili kwa wakati.

La tatu linahusu uhai. Baridi ya Julai hutushawishi kufunga madirisha na kuificha jenereta jikoni au barazani, ili isinyeshewe wala kuibwa. Hiyo ni hatari kubwa. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo yaweza kuua familia nzima usingizini. Iweke nje, mita sita au zaidi kutoka kwa milango na madirisha, chini ya kipaa kilicho wazi pande zote, na uifunge kwa mnyororo.

Vilevile, usichomeke waya wa jenereta kwenye soketi ya ukutani. Stima hiyo hurudi hadi kwenye nguzo na yaweza kumuua fundi anayetengeneza laini akidhani haina umeme. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee swichi ya kubadilishia, ili nyumba ipate umeme wa upande mmoja tu kwa wakati.

Wanaoishi kwenye ghorofa za kupanga, wasio na ua, waachane na jenereta. Betri na inveta, zikichajiwa stima ikiwepo au kwa sola, zitawasha taa na televisheni bila kelele wala moshi.

Kwa wengine, kabla ya kutoa pesa mwambie mwenye duka aiwashe mashine ikiwa imebebeshwa mzigo, si tupu. Ikinguruma vizuri mzigo ukiwa mgongoni, hapo ndipo ufungue mkoba.