Madini ya Mzizi wa Mwingajini na Neno "Chumvi"

Mwingajini ni mmea mfupi wenye maua ya manjano, umeao kando ya njia na katika viwanja vilivyoachwa, pwani ya Kilwa na Lindi kama kwingineko. Wataalamu wa mimea huuita Senna occidentalis. Jina la kwetu latokana na kitenzi winga, yaani kufukuza, nalo laeleza kazi ya dawa. Jina la pili, mnukauvundo, laeleza harufu. Katika hayo mawili hapana limwambialo mkemia mzizi ulichimbwa wapi, na hilo ndilo alihitajilo kwanza.

Maana mzizi hufuata udongo wake. Kilwa Kisiwani ardhi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ndio uliojengewa misikiti na kuchomwa chokaa. Udongo wa namna hiyo una kalsiamu tele, lakini chuma chake hakiyeyuki kwa urahisi, hata mmea hukikosa hali kimo. Kwenye udongo mwekundu wa bara mambo ni mengine. Kwa hiyo hesabu ya mwingajini mmoja haiwi hesabu ya mwingajini wote. Tena mzizi usiooshwa vema huja na chuma cha udongo, kikahesabiwa kuwa chake.

Linalotuhusu zaidi sisi wa lugha ni neno chumvi. Mkemia huuchoma mzizi uwe majivu, huyayeyusha katika asidi, kisha husema ameona "chumvi" za potasiamu na za kalsiamu. Msikilizaji wa Lindi, aliyezoea kuona chumvi ikianuliwa katika mashamba ya pwani, hudhani ni ile ile ya mchuzi. Mwenye shinikizo la damu huogopa bure. Mgonjwa wa figo, ambaye potasiamu ndiyo ya kumhadharisha, hapati onyo lolote. Mimi ningesema "madini ya mmea", ingawa neno madini nalo kwa Kiarabu ni mahali pachimbwapo, na wengi huwaza dhahabu. Kosa hilo ni dogo kuliko lile.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mganga hanywishi majivu, huchemsha. Potasiamu hutoka majini upesi, bali kalsiamu iliyoshikamana na oksalati hubaki katika makapi. Kiswahili chatofautisha bila taabu kilichomo mzizini na kilichotoka majini, na ripoti zingefaa kutofautisha vivyo hivyo. Hata sehemu ya mmea haina budi kutajwa: mbegu za mwingajini zina sumu, nazo zimekwisha kudhuru watoto na mifugo katika nchi nyingine. Aandikaye "mwingajini" tu katika orodha ya dawa hajasema kama ni mzizi au ni mbegu.