Kiungo wa Daraja la Chini na Kibarua Chake cha Pili

Msimu wa 2024/25 Babati iliionja Ligi Kuu nyumbani kwake. Fountain Gate ilikuwa ikitumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, na Februari 2025 Simba walifika wakaondoka na sare ya 1-1. Bao la kusawazisha walijifunga wenyewe: Ladack Chasambi alimrudishia kipa wake mpira, ukaenda wavuni moja kwa moja. Nchi nzima iliiona pasi ile, na wengi wakairudia kwenye simu.

Mimi nataka kuzungumzia wachezaji ambao pasi zao hazionwi na mtu. Kijana wa Manyara anayecheza namba sita, akitaka siku moja kuingia Kwaraa akiwa na jezi ya Ligi Kuu, ana safari ndefu: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship. Wengi humalizia soka yao njiani humo, na sioni aibu yoyote. Wanacheza kila wiki na watu wanalipa kiingilio kuwaona. Swali langu ni wanaishi vipi.

Kiungo ana taabu yake ya ziada. Mshambuliaji akifunga mabao kumi Championship, mabao hayo yanamtangulia kila anakokwenda. Kiungo mkabaji aliyeziba njia msimu mzima, aliyekuwa akifika kwenye mpira wa pili kabla ya mwenzake, hana hesabu ya kumwonyesha mtu. Kazi yake anaiona yule anayeweza kukaa jukwaani akaacha kuufuata mpira kwa macho, na watu wa namna hiyo ni nadra kufika kwenye viwanja vya vumbi. Ndiyo maana usajili wake hutegemea kocha anayemjua. Kocha akihama, huenda naye. Kocha akifukuzwa, naye huanza kupiga simu. Wasifu wake unakuwa orodha ya timu nyingi na misimu mifupi, na asiyejua mpira hudhani ni mtovu wa nidhamu.

Scotland wana watu wa aina hii tele. Ligi zao nne za taifa zina timu 42, na ile ya chini kabisa, League Two, ina timu 10 zinazokutana mara nne kila moja, yaani mechi 36 kwa msimu. Wachezaji wengi wa huko wana kazi mchana. Mazoezi ni jioni, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, na mechi Jumamosi. Klabu hailifichi jambo hilo. Mkataba unaandikwa pande zote mbili zikijua. Katika mji wa Arbroath, kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini, winga Bobby Linn alikuwa mzoa taka, na mwaka 2019 wachezaji wenzake walimchagua kuwa bora wa daraja la tatu. Msimu wa 2021/22 Arbroath hiyohiyo, ikiwa bado na wachezaji wenye kazi nyingine, ilishika nafasi ya pili kwenye daraja la pili na nusura ipande Ligi Kuu. Kiungo wao Michael McKenna ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa daraja hilo.

Kwetu mambo huwa kinyume. Timu nyingi za chini humweka mchezaji kambini, mazoezi asubuhi na jioni, asipate nafasi ya kushika kazi nyingine, kisha mshahara unakuja kwa kubahatisha. Sababu haihitaji uchawi kuieleza. Mapato ya mlangoni ni madogo na nchi ni kubwa. Championship ya 2024/25 ilikuwa na timu za Arusha, Tanga, Shinyanga, Mbeya na Songea. Mbuni ya Arusha ikienda kwa Songea United inaikata nchi toka kaskazini hadi kusini, na mafuta ya basi na malazi hayangoji. Mshahara wa namba sita unaweza kungoja. Hiki ni kibarua cha nusu siku ambacho tumekipa jina la ajira ya kudumu.

Waliolitatua hili ni majeshi, na hatuwapi sifa yao. Kijana akipokelewa na timu kama JKT Tanzania, Tanzania Prisons au Mashujaa ya Kigoma, mlango wa ajira jeshini unaweza kumfungukia. Akiajiriwa, siku miguu inapochoka anabaki askari mwenye mshahara. Mashabiki huzicheka timu hizi kwamba zinacheza mpira wa nguvu. Wazazi wanaojua hesabu hawacheki.

Wasio na bahati hiyo hujitafutia. Babati ni njiapanda ya Arusha, Dodoma na Singida, kwa hiyo bodaboda ina abiria. Wapo wa ujenzi, wapo wa kubeba magunia msimu wa mbaazi. Na ipo ndondo. Timu ya mtaani humpa kiungo hela ya mechi moja papo hapo, mkononi, na klabu yake haina habari. Hatari iko kwenye goti. Kano ya mbele ikikatika na mtu akafanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani huchukua kama miezi tisa, yaani msimu umekwisha na mkataba wa mwaka mmoja umekwisha nao. Akiwa ameumia mchangani, klabu haina sababu ya kulipa hata shilingi.

Kanuni za FIFA zina mambo mawili ambayo kila kiungo wa daraja la chini angeyakariri. La kwanza, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Wengine wote ni wa ridhaa, hata wangekuwa kambini mwaka mzima. La pili, klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuitaarifu kwa maandishi, aipe angalau siku 15, na isipolipa avunje mkataba kwa haki. Bila karatasi, la pili halimsaidii.

Kwa hiyo kijana akiletewa fomu, kabla ya kuuliza ada ya usajili aulize nani atalipa goti likichanika Novemba, na mshahara utaendelea mpaka mwezi gani. Akijibiwa “tutaona”, heri acheze kwa ridhaa, abaki na bodaboda yake, na waandikiane kwamba mazoezi ni saa kumi na moja jioni.