Hindi Lenye Mapengo

Mama wa nyumbani akimenya hindi aweza kuliona lina mapengo kama kinywa cha mzee: punje hapa, kisha gunzi tupu, kisha punje tena. Wako wasemao kuwa ni udongo uliochoka, na wako wasemao kuwa ni jicho la hasidi. Sisi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, kwamba mara nyingi sababu ni nyingine, nayo yaweza kumfikia mkulima wa Musoma, Bunda au Butiama mvua inapokatika wakati mahindi yanachanua.

Mmea wa mahindi una maua ya namna mbili katika shina moja. Mbelewele zilizo kileleni ndizo maua ya kiume, nazo hutoa unga wa manjano uitwao chavua, ambao chembe zake katika mche mmoja tu huhesabiwa kwa mamilioni. Hindi changa ndilo la kike, na zile ndevu zake si pambo. Kila unywele umeshikana na mahali pa punje moja. Chembe ya chavua ikiuangukia, huota mrija mwembamba mno, ushukao ndani ya unywele mpaka ulifikie yai la mmea. Safari hiyo yachukua kama siku moja. Hapo mbegu hutungwa. Unywele usiopata chavua hauna punje. Basi ukame ukizidi, ndevu huchelewa kutoka, na zitokapo chavua imekwisha kupeperuka.

Mchukuzi wa chavua hiyo ni upepo, na watu wa Musoma waujua vyema ule uvumao mchana kutoka ziwani. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hijr, imezitaja pepo kuwa zenye kubeba uzazi, na wafasiri wameihusisha aya hiyo na mawingu na miti pia. Kwa hiyo mwenye mahindi machache uani afadhali ayapande kwa mraba, kuliko kuyapanga mstari mmoja mrefu kando ya ua, ambapo chavua nyingi itapotea njiani.

Watu wa Madina walilijua jambo hili katika mitende yao. Walichukua maua ya mtende dume wakayatia katika ya mtende jike. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alidhani kazi hiyo haina faida. Wakaiacha, na tende zikawa duni. Alipoambiwa, aliwajulisha kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Huko Ulaya ni mwaka 1694 tu ndipo Rudolf Camerarius, mganga wa Tübingen, alipotangaza ushahidi wake: aliyaondoa maua ya kiume ya mbarika kabla hayajafunguka, na mbegu kamili hazikupatikana.

Mpapai nao waonewa sana. Mpapai dume hukatwa kwa kuwa hauzai, kisha mwenye nyumba akashangaa majike yake yanapopukutisha maua. (Iko mipapai yenye jinsia zote mbili katika ua moja, hiyo yajitosheleza.) Abakize dume mmoja.

Pamba ya Bunda ina habari tofauti. Ua lake hufunguka asubuhi likiwa jeupe lenye umanjano kidogo, na kesho yake hugeuka jekundu hafifu. Siku yake ya kazi ni moja tu. Kwa sehemu kubwa hujichavusha lenyewe, lakini nyuki huongeza msaada wao, na nyuki hao hao ndio waendao kwenye maboga, ambayo chavua yake ni nzito yenye kunata, upepo hauwezi kuichukua. Mkulima apulizaye dawa ya viwavi asubuhi, maua yakiwa wazi, huwaua nyuki wa jirani pamoja na viwavi wake. Angoje jioni, nyuki wakiisha kurudi mzingani, kisha ndipo abebe bomba lake.