Ahadi ni deni, na mimi ninalo daftari

Tarehe 5 Juni 2025 nilipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa na umri wa miaka 22. Nilipanga mstari tangu alfajiri katika shule ya msingi ya mlima wetu, karibu na Mabanda, kusini mwa Burundi. Kesho yake, wino ukiwa bado kidoleni, nilikuwa mpakani Mugina na madumu yangu ya mawese, nikielekea soko la Manyovu upande wa Tanzania.

Sisi wachuuzi wa mpakani huuza kwa mkopo, kwa hiyo kila mmoja ana daftari la madeni. Wakati wa kampeni nilifungua ukurasa mpya katika daftari langu, nikaandika ahadi za wagombea waliofika kwetu. Maji ya bomba. Soko lenye paa. Petroli kupatikana. Mashauri ya mashamba ya waliorudi kutoka kambini kumalizwa haraka. Baba alinicheka: “Mwanangu, hao utawadai wapi?”

Matokeo yalipotoka, chama tawala CNDD-FDD kilitangazwa kushinda viti vyote 100 vya wabunge vilivyogombewa. Wapinzani walilalamika. Mimi nilijiuliza swali la mchuuzi: duka likiwa moja tu sokoni, nani atakupunguzia bei? Wiki zilipita. Nauli ya pikipiki ilibaki juu kwa sababu petroli ilikuwa adimu, na faranga yetu ilizidi kudharauliwa mbele ya shilingi. Waliotuahidi hatukuwaona tena. Hata ofisi ya komini ilikuwa mbali zaidi, maana mwaka huo huo mikoa ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42.

Ahadi iliyoniuma zaidi ni ya mashamba. Tulikimbia mwaka 2015 nikiwa na miaka 12, tukaishi kambi ya Nyarugusu, tukarudi mwaka 2019. Tulimkuta jirani amelima hadi kwenye migomba yetu. Yeye anasema alipewa shamba hilo. Baba anasema ni urithi wa babu. Wengi mliorudi mnalijua jambo hili.

Ndiyo maana uchaguzi wa mabaraza ya milima ulipokaribia, tarehe 25 Agosti 2025, niliamua kutokwenda. Nilishachoka. Jioni moja mzee mmoja wa mlimani kwetu, aliyekuwa akigombea, akapita nyumbani kuomba kura. Nilimsomea ukurasa wangu wote. Alisikiliza kimya, kisha akasema: “Kijana wangu, maji siwezi kuyaleta, na petroli siijui inakotoka. Ninachoweza ni kuja na wenzangu kukanyaga mpaka wa shamba lenu, tuwasikilize wote wawili mchana kweupe. Andika hilo, uandike na jina langu.”

Nikaandika. Tarehe 25 nikaenda kupiga kura.

Sisemi kwamba mzee huyo ni malaika. Alichaguliwa, na baraza lilikuja mara moja, likapima kwa hatua, likaondoka bila kuamua. Bado tunangoja. Lakini nikitaka kumdai, najua anapokaa; ng’ombe wake hunywa maji kwenye kijito kimoja na mbuzi wetu. Wale wa kwanza nilijua picha zao tu.

Vijana wenzangu wa mpakani huniambia kura ni kupoteza siku ya biashara. Siwalaumu. Hata hivyo mteja asipolipa hatufungi biashara. Tunamwandika, tunamkumbusha, na safari nyingine hatumkopeshi. Daftari langu limechakaa kwa mvua ya mpakani, lakini ukurasa ule nimeufunika kwa nailoni. Mstari wa shamba bado sijaukata. Siku atakapokuja mtu kuomba kura yangu tena, ataanzia hapo.