Kabla ya kununua spea, pima mafuta ya gari lako

Gereji nyingi za Dar es Salaam zinalijua lalamiko hili kwa moyo. RAV4 au X-Trail ya zamani inaingia, mwenyewe anashuka na kusema gari linakunywa mafuta, na likiwa silensa, yaani limesimama injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka hadi usukani. Anaondoka na plagi mpya. Baadaye anarudi, anabadilishiwa sensa. Akirudi tena anasafishiwa nozeli. Mshale wa mafuta unaendelea kushuka kama zamani, na mtetemeko uko palepale. Kilichopungua ni pesa.

Magari yenyewe ni ya siku nyingi. X-Trail ya kwanza na RAV4 ya kizazi cha pili zote zilitoka mwaka 2000, na nyingi zilifika kwetu zikiwa zimeshatumika Japani. Lakini uzee peke yake haunywi mafuta. Kuna kitu mahususi kilichoharibika, na mara nyingi kinachoongeza ulaji wa mafuta ndicho hicho hicho kinacholitetemesha gari. Injini ya petroli inachoma vizuri ikipata takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Kimoja kati ya hivyo kikiyumba, malalamiko yote mawili huja pamoja.

Daftari kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na petroli ni mali. Mtu akisema "gari linakula sana", swali la kwanza ni linakula kiasi gani. Mshale wa dashibodi haujibu swali hilo, wala kujaza mafuta ya elfu ishirini ishirini.

Jaza tenki hadi bomba la sheli lijikate lenyewe, kisha andika kilomita. Tembea siku zako za kawaida. Rudi kwenye sheli ileile, jaza tena hadi lijikate, uone zimeingia lita ngapi. Kama umetembea kilomita 228 na zimeingia lita 38, gari lako linakwenda kilomita 6 kwa lita. Rudia mara kadhaa ili upate wastani. X-Trail ya injini ya lita 2 inayokwenda kilomita 8 hadi 10 kwa lita mjini haina cha kulalamikiwa. Ikishuka hadi 5 au 6, kuna jambo.

Kumbuka pia foleni. Injini ya ukubwa huo ikiwa silensa huku kiyoyozi kikifanya kazi huunguza karibu lita moja kwa saa bila tairi kuzunguka. Mtu anayekaa saa mbili kwa siku kwenye foleni ya Mbagala au Kimara atapata hesabu mbaya hata gari likiwa zima kabisa. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko za asili, gari linahesabu kilomita pungufu ya zile ulizotembea kweli, hivyo ulaji utaonekana mbaya kuliko ulivyo.

Mambo yasiyohitaji fundi

Baadhi ya majibu yako ndani ya gari lenyewe. X-Trail ya kwanza ina swichi ya kuchagua 2WD, AUTO au LOCK, na wapo wanaoendesha miezi mingi lami tupu bila kuirudisha 2WD. Kwenye magari mengi ya otomatiki ya umri huo kuna kitufe cha O/D. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka kwenye dashibodi, gia ya juu kabisa imefungwa, na safari ya Morogoro yote utaenda injini ikilia bure.

Kisha breki. Baada ya mwendo mfupi bila kufunga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko wenzake, kaliper imegoma kuachia, na gari linavuta breki muda wote.

Upepo wa tairi una mchango, lakini tuuweke kwenye kipimo chake. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi moja iliyopungua. Hata ukikosa psi 10, hiyo ni asilimia 2. Filta ya hewa nayo husingiziwa mengi. Kwenye injini yenye kompyuta, hewa inapimwa kabla petroli haijapulizwa, hivyo filta chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Badilisha filta, jaza upepo, ila usitegemee kwamba vitu hivyo vitakurudishia theluthi nzima ya mafuta iliyopotea. Hasara kubwa ina mshitakiwa mkubwa.

Thamostati na masega

Washitakiwa wawili wakubwa katika mazingira yetu wanatengenezwa na mafundi wetu wenyewe.

Wa kwanza ni kung'olewa kwa thamostati. Gari likichemsha mara moja, fundi huitoa na kusema nchi yetu ni ya joto, kidude hiki ni cha Wazungu na Wajapani wa kwenye baridi. Thamostati ndiyo inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na kitu, iwe Tanga au Tokyo. Bila hiyo, kwenye mwendo wa barabara kuu injini hubaki baridi, na kompyuta ikiona baridi inaendelea kuongeza petroli kama vile gari limewashwa alfajiri. Masizi yanajaa kwenye plagi, oili inachanganyika na petroli, ringi za pistoni zinalika mapema. Kwenye baridi ya Njombe au Arusha hasara ni kubwa zaidi. Na kilichofanya gari lichemshe, iwe rejeta iliyoziba, feni iliyokufa au mfuniko uliochoka, bado kipo. Dalili ni rahisi: mshale wa joto unakaa chini ya mahali pake pa kawaida, hasa ukiwa mwendo kasi.

Wa pili ni kutolewa kwa masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho ndani ya eksozi. Mwenye gari huambiwa yanabana pumzi na hayana kazi. Yana kazi, na yana bei pia, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Anayekuambia hayafai huenda ndiye atakayeyauza. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba hulinyima gari nguvu, na kwenye injini ya lita 2.5 ya X-Trail yale yaliyo karibu na injini yakimeguka, vumbi lake linaweza kurudi ndani na kukwangua silinda. Yaliyokufa yabadilishwe. Lakini ukikata eksozi na kuichomelea ovyo, unaharibu makao ya sensa ya oksijeni. Tundu dogo tu mbele ya sensa linaingiza hewa ya nje. Sensa inadhani injini ina hewa nyingi na petroli kidogo. Kompyuta inaongeza petroli. Gari zima kabisa linaanza kunywa kwa sababu ya uchomeleaji.

Injini inapomisi

Mtetemeko wa silensa mara nyingi ni silinda moja isiyochoma. Petroli yake inatoka mbichi kwenye eksozi, pamoja na oksijeni yake ambayo haikutumika. Sensa inaiona oksijeni hiyo na kuagiza petroli zaidi kwa silinda zote. Hapo unalipa mara mbili, na masega yanaungua kwa joto.

Kuipata silinda hiyo hakuhitaji ubashiri. Kwenye injini yenye koili juu ya kila plagi, fundi huchomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine gari likiwa silensa. Akichomoa nzima, mtetemeko huongezeka; akichomoa mbovu, hakuna kinachobadilika. Kisha koili ile ihamishiwe silinda nyingine. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ikibaki, angalia plagi, halafu nozeli. RAV4 za mwanzo kabisa zenye distributa hukaguliwa kofia, rota na waya zake.

Plagi yenyewe ni shahidi. Ya kahawia hafifu iko salama. Nyeusi kavu yenye masizi inasema petroli imezidi. Yenye utelezi wa oili inasema ringi au sili za valvu zimechoka. Ukinunua mpya, nunua kwa muuzaji unayemwamini, maana plagi bandia ni nyingi.

Silensa inayopanda na kushuka ina kesi tofauti. Tazama mabomba ya mpira yanayotoka kwenye manifodi; umri huyapasua, na hewa isiyopimwa hupenya. Fundi makini huyabana moja moja kwa koleo na kusikiliza injini ikibadilika. Throtobodi iliyojaa masizi nayo huleta hali hiyo, na kwenye Nissan ikishasafishwa lazima kompyuta ifundishwe silensa upya, la sivyo gari linarudi likilia juu kuliko lilivyokuja. RAV4 zenye injini ya D-4 zina tatizo la ziada: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kuosha valvu za kuingizia hewa, na masizi hujengeka hapo.

Mashine haitaji spea

Kupima kwa mashine kunasaidia, ila namba inayotoka ni mwanzo wa uchunguzi. P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi. Haisemi nunua koili. P0171 inasema hewa imezidi petroli. Huenda ni bomba lililopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka au sensa chafu ya hewa. P0128 inasema injini haifiki joto lake, na hapo ndipo unapomuuliza fundi wa zamani aliifanyia nini thamostati. Mwombe fundi akuonyeshe pia joto la maji na volti za sensa ya oksijeni injini ikiwa inanguruma. Sensa nzima ya aina ya kawaida hupanda na kushuka kati ya karibu volti 0.1 na 0.9, iliyoganda mahali pamoja inahitaji maelezo.

Kama shida ilianza siku uliyojaza mafuta, mashaka yaanzie kwenye tenki. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, hasa wa kuchanganya mafuta ya taa. Tunza risiti, kwani bila hiyo malalamiko yako hayana miguu.

Mwisho kabisa, kabla ya kutumia pesa kubwa, pima kompresheni. Injini ya 3S-FE ya RAV4 za kwanza ikiwa nzima hutoa karibu psi 178, na kiwango cha chini kinachokubalika ni 142. Silinda ikisoma chini ya hapo, tia oili kijiko kimoja upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tafuta kwenye valvu. Injini iliyochoka namna hiyo haitatibiwa na koili wala sensa, hata ukinunua duka zima.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nenda gereji na hesabu yako ya kilomita kwa lita mkononi. Mlipe fundi kwa kazi ya kupima, na ukatae kununua spea yoyote mpaka akuonyeshe kipimo kilichoihukumu.