Fumbo Lisilo na Maneno: Kwa Nini Simfoni Hazizeeki

Utangulizi

Muhula uliopita, tulipokuwa tukifundisha istilahi za sanaa, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alituuliza: "Mwalimu, muziki kama wa Beethoven unaweza kuelezwa kwa Kiswahili, au hiyo ni kazi ya Kiingereza?" Darasa zima likacheka. Kicheko kile kilituuma, maana hapa Uganda tumekisikia kwa miaka mingi kwa sura mbalimbali: Kiswahili ni cha kambini na sokoni, mambo mazito yana lugha yake. Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa vitendo. Tutaeleza simfoni ni nini, na kwa nini kazi zilizotungwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita zingali zinasikilizwa.

Simfoni ni nini?

Simfoni ni utungo mrefu wa muziki unaopigwa na okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa ala za nyuzi, ala za kupuliza na ngoma. Kwa kawaida huwa na sehemu nne, kila moja na mwendo wake: ya kwanza huenda kasi, ya pili polepole, ya tatu huwa na mdundo wa dansi, na ya nne huhitimisha kwa kishindo. Mara nyingi haina maneno hata moja.

Umbo hili lilikomaa Ulaya katika karne ya 18, lakini msingi wake si mgeni kwetu. Wanaoijua amadinda ya Baganda wanafahamu kwamba wapigaji watatu hushirikiana marimba moja, na wimbo unaosikika haumo mikononi mwa yeyote kati yao peke yake. Kadhalika, wapenzi wa taarabu ya Zanzibar wamezoea kuona fidla, selo, udi na ganuni zikikaa jukwaa moja. Okestra inafuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa watu wengi zaidi.

Haydn na fumbo la mishumaa

Joseph Haydn (1732–1809) alitunga simfoni zaidi ya 100. Kwa muda mrefu alikuwa mwajiriwa wa ukoo wa kitajiri wa Esterházy. Mwaka 1772 bwana wake, Nikolaus, alikawia mno katika kasri lake la mashambani, na wanamuziki wake, ambao wengi hawakuruhusiwa kuja na familia zao, wakashikwa na hamu ya kurudi makwao. Nani angethubutu kumwambia bwana?

Haydn alitunga simfoni ambayo mwishoni mwake wapigaji huacha kupiga mmoja baada ya mwingine. Kila amalizaye huzima mshumaa wake na kuondoka, mpaka wanabaki wapiga fidla wawili tu gizani. Inasimuliwa kwamba bwana alielewa, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Sisi wa Kiswahili tuna jina la jambo hilo: fumbo. Tunasema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Mtumwa mbele ya bwana, mke mwenza mbele ya mwenzake, mshairi mbele ya mtawala, wote wametumia njia hiyo. Haydn aliitumia bila kutamka neno.

Beethoven na nguvu ya takriri

Ludwig van Beethoven alizaliwa Bonn mwaka 1770 na kuishi Vienna hadi alipofariki mwaka 1827. Kabla ya kutimiza miaka 30 masikio yake yalianza kufa. Mwaka 1802 aliwaandikia ndugu zake barua ambayo hakuituma, akikiri kwamba alikaribia kujiua na kwamba sanaa pekee ndiyo iliyomzuia. Baada ya hapo ndipo alipotunga kazi zake nyingi zinazojulikana sana.

Simfoni yake ya Tano ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika onyesho la takribani saa nne, ndani ya ukumbi wenye baridi kali, na wapigaji wasiofanya mazoezi ya kutosha. Inaanza kwa sauti nne tu: tatu fupi na moja ndefu. Kutokana na hizo nne Beethoven anajenga karibu sehemu nzima ya kwanza. Anazirudia juu, chini, kwa ukali na kwa unong'ono, na katika sehemu ya tatu mdundo huo unarudi ukiwa na sura mpya. Mwanafunzi wa fasihi atatambua mara moja kwamba hii ni takriri. Naye mshairi anajua kwamba kurudia si kusema jambo lile lile; kila linaporudi, limebeba yaliyotokea katikati.

Sehemu ya mwisho inaingia bila kituo, kutoka gizani hadi kwenye mwanga, huku matromboni ambayo hayakusikika tangu mwanzo yakijiunga. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, BBC ilitumia sauti zile nne kama alama ya ushindi, kwa kuwa nukta tatu na mstari mmoja ni herufi V katika msimbo wa Morse. Hivyo utungo wa Mjerumani ukawa silaha dhidi ya utawala wa Hitler. Kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mtunzi, haina kabila.

Leningrad na Kinshasa

Tarehe 9 Agosti 1942, katika mji wa Leningrad uliozingirwa na majeshi ya Ujerumani, okestra ya redio ilipiga Simfoni ya Saba ya Dmitri Shostakovich. Baadhi ya wapigaji walikuwa wamekufa njaa, na wengine walitolewa vitani ili kujaza nafasi. Muziki ulirushwa kwa vipaza sauti hadi upande wa adui. Watu wasio na mkate walikwenda kusikiliza simfoni.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha okestra ya simfoni mjini Kinshasa. Mwanzoni ala zilikuwa chache, wapigaji wakipokezana, na nyuzi zilipokatika walitumia waya za breki za baiskeli. Hata hivyo walifika mahali pa kupiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven, yenye kwaya. Hakuna aliyewalazimisha.

Hitimisho

Juma lililofuata tuliwapigia wanafunzi wetu mwanzo wa Simfoni ya Tano, bila kuwaeleza lolote, tukawataka waandike walichosikia. Mmoja aliandika: "Kuna mtu anabisha hodi, hafunguliwi." Mwingine: "Ni mzee anamkemea kijana, na kijana anajibu kwa woga." Anton Schindler, aliyekuwa katibu wa Beethoven, alidai kwamba mtunzi mwenyewe alizifananisha sauti zile na majaaliwa yanayogonga mlango. Wanahistoria wengi hawamwamini Schindler, lakini mwanafunzi wetu aliufikia mlango ule ule kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kumsoma yeyote.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo ilipo siri ya simfoni kutozeeka: haimwambii msikilizaji maana, bali humwachia aifumbue, na kila kizazi hufumbua upya. Tunawashauri walimu wenzetu walijaribu zoezi hili. Linahitaji kinasa sauti, dakika saba na karatasi. Msamiati utakaokosekana utafuteni pamoja na wanafunzi. Msiukimbilie wa kukopa kabla ya kupekua ghala letu.

Yule aliyeuliza swali aliandika ukurasa mzima. Safari hii hakuna aliyecheka.