Kuungana, Kuachana na Kuhesabiana: Historia Inatufundisha Nini?



Katika mikutano ya mazungumzo tunayofanya hapa Tunda na katika vijiji vya jirani, familia zilizohamishwa na vita hukaa pamoja na familia zilizowapokea. Siku moja mama mmoja alituuliza: "Kila mara mnatuambia tuungane. Mbona wakubwa walioungana mbele yetu waliachana?" Mzee aliyeketi karibu naye akaongeza kwamba hata kijiji chake kinataka kugawanyika sehemu mbili, kila sehemu na chefu wake, na watu wameanza kutazamana vibaya.

Siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Tulisoma, tukaulizana, na makala haya ndiyo jibu letu. Tutaanza na majirani zetu wa mashariki, twende mbali Ulaya ya kaskazini, kisha turudi nyumbani Maniema.

JUMUIYA ILIYOVUNJIKA MWAKA 1977

Mwaka 2022 nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi wetu tulidhani ni jambo jipya. Kumbe Jumuiya hiyo ni ya pili. Ya kwanza ilikufa.

Mizizi yake ni ya wakati wa ukoloni. Mwaka 1917 Kenya na Uganda ziliunganisha ushuru wa forodha, na baadaye Tanganyika ikaingia. Reli, bandari, posta na fedha vikawa vya pamoja. Baada ya uhuru, viongozi watatu, Jomo Kenyatta wa Kenya, Julius Nyerere wa Tanzania na Milton Obote wa Uganda, walitia sahihi mkataba mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Ikazaliwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake makuu Arusha. Shirika la reli lilikuwa moja, la ndege moja, la bandari moja, la posta na simu moja. Mtu wa Uganda aliweza kufanya kazi ya reli Kenya, na Mkenya akafanya kazi bandarini Dar es Salaam. Sisi tunaoijua njia ya reli itokayo Kindu ikapita Kibombo kuelekea Kongolo tunaelewa vizuri maana ya reli moja inayounganisha watu wengi.

Kwa nini ilivunjika? Sababu zilikuwa nyingi, lakini tatu zilikuwa na uzito zaidi.

Kwanza, mgawanyo wa faida. Kenya ilikuwa na viwanda vingi tangu wakati wa ukoloni, na wenzake waliona kwamba matunda ya muungano yanaishia Nairobi. Kenya nayo iliona kwamba inabebeshwa mzigo wa wengine.

Pili, viongozi waliacha kuonana. Idi Amin alipompindua Obote mwezi wa Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye. Mkataba ulitaka maraisi watatu wakutane na kukata maneno makubwa pamoja. Hawakukutana tena. Nyumba ikabaki na wenye nyumba wasiosemezana.

Tatu, fedha. Mashirika yalikusanya mapato katika nchi tatu, lakini kila nchi ikaanza kuzuia fedha zilizopatikana kwake zisipelekwe kwenye makao makuu. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege lilikufa na Kenya ikaanzisha la kwake. Mwezi wa Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kila upande ukashika mali iliyokutwa kwake: ndege, magari, vichwa vya treni. Kufikia katikati ya mwaka huo, Jumuiya ilikuwa imekwisha.

Mpaka ule ulifungwa zaidi ya miaka sita, hadi Novemba 1983. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi miaka mingi kuhesabu mali na madeni. Tarehe 14 Mei 1984, huko Arusha, nchi tatu zilikubaliana: Kenya ipate asilimia 42 ya mali, Tanzania 32 na Uganda 26.

Hivyo serikali zilihesabiana. Lakini wafanyakazi je? Kulikuwa na makanika wa treni, makarani wa posta, wapakuaji wa bandarini. Walikuwa wameajiriwa na nchi tatu. Ghafla mwajiri wao hayupo. Nchini Tanzania, wengine kati yao walikuwa bado wanadai haki zao katika miaka ya 2000, wakiwa wazee, na wenzao wengi wamekwisha kufa. Asilimia ziliandikwa vizuri kwenye karatasi, lakini mtu mwenyewe alisubiri mlangoni.

Tulikumbuke jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yetu: muungano unapovunjika, mali hupata wa kuitetea. Watu wasio na nguvu, na watu wasiokuwepo, hao husahauliwa.

MATAIFA MAWILI YALIYOACHANA MARA MBILI

Sasa twende mbali, kaskazini ya Ulaya, kwenye nchi za Denmark, Norway na Sweden. Tumezichagua kwa sababu watu wale wale waliachana mara mbili kwa njia mbili tofauti.

Mwaka 1397, katika mji wa Kalmar, falme hizo tatu ziliwekwa chini ya mfalme mmoja kwa juhudi ya Malkia Margareta wa Denmark. Lakini wakubwa wa Sweden walilalamika kwamba nchi yao inatawaliwa kwa faida ya Denmark. Mwezi wa Novemba 1520 Mfalme Christian wa Pili aliwaua watu zaidi ya 80 mjini Stockholm, miongoni mwao maaskofu na watu wenye cheo. Alidhani kwamba kwa damu ataufunga muungano. Ikawa kinyume. Sweden iliasi, na mwaka 1523 ikamchagua mfalme wake, Gustav Vasa. Kisha Sweden na Denmark zilipigana tena na tena kwa karibu miaka mia tatu.

Mara ya pili ilikuwa Norway na Sweden. Mwaka 1814, baada ya vita vya Ulaya, Norway iliunganishwa na Sweden. Mfalme alikuwa mmoja, lakini kila nchi ilikuwa na bunge lake. Waliishi hivyo miaka 91. Ugomvi wa mwisho ulitoka kwenye jambo linaloonekana dogo: Norway ilikuwa na meli nyingi baharini, ikataka kuwa na wajumbe wake yenyewe wa kusaidia mabaharia na wafanyabiashara wake katika bandari za kigeni. Mfalme alikataa. Tarehe 7 Juni 1905 bunge la Norway likatangaza kwamba muungano umekwisha.

Wandugu, wakati ule majeshi yaliitwa pande zote mbili za mpaka. Vita vilikuwa karibu sana. Lakini walifanya mambo mawili. Waliwauliza wananchi kwa kura: tarehe 13 Agosti 1905, watu 368,208 wa Norway walikubali kuachana na 184 tu wakakataa (wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura hiyo). Kisha wajumbe wa nchi mbili wakaketi katika mji wa Karlstad, na mwezi wa Septemba wakamaliza maneno.

Walikubaliana nini? Tusikilize vizuri, maana hapa kuna somo kwa kila kijiji:

1. Ngome zilizokuwa karibu na mpaka zibomolewe au zisitumike tena, na eneo la mpaka lisiwe na majeshi.

2. Wakigombana tena, wapeleke shauri mbele ya waamuzi wasio wa upande wowote.

3. Mizigo ya nchi moja ipite katika nchi nyingine bila kuzuiliwa.

4. Mito na maziwa yanayopita pande zote mbili yatumiwe kwa masharti ya pamoja.

5. Wasami, watu wa kaskazini wanaofuga wanyama wa jamii ya kulungu, waendelee kuvuka mpaka na mifugo yao kufuata malisho, kama walivyofanya tangu zamani.

Hao Wasami walikuwa wachache, na hawakuwa wakubwa wa nchi yoyote. Tena baadaye hawakukosa kuonewa, na haki zao za malisho zilipunguzwa. Hata hivyo, siku nchi mbili zilipoachana, maisha yao yaliandikwa kwenye mkataba. Walihesabiwa.

Na ahadi ya waamuzi haikubaki maneno matupu. Nchi hizo zilipogombania sehemu ya bahari yenye uvuvi mzuri, zilikwenda mbele ya waamuzi huko The Hague. Mwaka 1909 sehemu hiyo ilipewa Sweden, na Norway ikakubali. Mwaka 1952 nchi za kaskazini zikaunda Baraza lao la kushauriana, na siku hizi raia wao wanavuka mipaka hiyo kwenda kazini. Wahenga walisema: wagombanao ndio wapatanao.

Hata majirani zetu walipatana. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo yetu 2022 na Somalia 2024. Lakini tusidanganyane: kutia sahihi peke yake hakuleti amani. Jeshi la pamoja la Jumuiya lilikuja mashariki ya nchi yetu mwishoni mwa 2022 na likaondoka Desemba 2023. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Nchi zilizo katika muungano mmoja zinaweza kuendelea kushutumiana. Karatasi inahitaji watu wa kuitimiza.

TURUDI MANIEMA

Sisi pia tulikuwa katika muungano. Wazee wanaikumbuka Kivu kubwa, ambayo makao yake makuu yalikuwa Bukavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikatwa vipande na Maniema ikawa jimbo. Mwaka 1966 serikali ya Mobutu ikaviunganisha tena. Tarehe 20 Julai 1988 Kivu ikagawanywa sehemu tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Kindu ikawa makao makuu ya jimbo, na mtu wa Kibombo hakulazimika tena kufuata karatasi zake mpaka Bukavu. Hiyo ilikuwa faida ya kweli. Katiba ya mwaka 2006 ilithibitisha majimbo hayo matatu.

Lakini mpaka ulio kwenye karatasi unaweza kuingia moyoni. Miaka ya 1990 wanasiasa walieneza fikira kwamba kila mtu apate kazi na uongozi katika jimbo la asili yake tu. Huko Katanga, mwaka 1992 na 1993, Wakasai wengi sana walifukuzwa, hata wale waliozaliwa pale. Sisi wa hapa tunajua jinsi mpaka unavyoweza kupita katikati ya ukoo: Wakusu wa Maniema na Watetela wa Sankuru ni ndugu, lakini wakoloni waliwatenga katika majimbo mawili.

Kwa hiyo, kwa yule mama, jibu letu ni hili: kuachana si lazima kuwe kosa. Kosa ni kuachana bila kuhesabiana, na kuhesabiana bila kuwahesabu wasiokuwepo. Na kwa yule mzee: kabla kijiji hakijagawanyika, fikirini juu ya familia zilizokimbia. Zilikimbia kijiji kikiwa kimoja. Zikirudi zitakuta viwili. Shamba lao liko upande gani? Makaburi ya wazazi wao je? Na familia iliyokuja hapa kwa sababu ya vita, ikapewa shamba na chefu mmoja, itafukuzwa na chefu mpya?

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA BARZA

Tunawaomba machefu, wazee, mama na vijana mkae pamoja na kujibu maswali haya kabla ya kukata neno lolote la kutengana:

- Ni jambo gani hasa linalotufanya tutake kuachana? Je, tumeketi na kulisema, au tumeacha kuonana?

- Chemchemi, msitu, soko, shule na njia vitatumiwa na nani, kwa masharti gani?

- Nani hayuko hapa leo? Orodha ya familia zilizokimbia, na ya familia tulizozipokea, imeandikwa wapi?

- Tukigombana tena, mwamuzi wetu ni nani, na tumekubali mbeleni kwamba tutamsikia?

- Silaha zilizo karibu na mpaka wa vijiji zitaondolewaje?

Majibu yaandikwe, yasomwe kwa sauti mbele ya wote, na kila upande ubaki na nakala yake. Kama mnataka tuwasindikize katika mazungumzo hayo, mtuite. Tutakuja na daftari, tutakaa na kuwasikiliza.

Amani iwe kwetu sote.